Somo la Mkonge: Katani Ndani ya Plastiki Ina Nguvu Gani?



Katika mashamba mengi mkonge husimama mpakani tu. Kazi yake ni kuzuia ng'ombe wa jirani na kushika udongo usichukuliwe na mvua. Mama mwenye nyumba akitaka kamba, au akitaka kusuka kiondo, hukata majani mawili matatu, basi. Lakini huenda umesikia kwamba katani, yaani nyuzi za mkonge, hutiwa ndani ya plastiki na kutengenezwa mabamba ya kila namna. Na huenda umesikia pia maneno ya kupita kiasi, kwamba bamba la namna hiyo lina nguvu kama chuma.

Somo hili litakuonyesha lililo kweli na lisilo kweli. Yafaa ulijue, maana mtu asiyejua nguvu ya katani inatoka wapi atauza vibaya, na siku ya kununua atanunua vibaya pia.

Neno kubwa la somo ni hili: nguvu ya bamba haitoki katika katani peke yake, wala katika plastiki peke yake. Inatoka katika kushikana kwa vitu hivi viwili. Na kushikana huko huanza shambani kwako, siku ile unapokata jani.

1. NDANI YA JANI MNA NINI

Ukichambua kilo 100 za majani mabichi ya mkonge utapata katani kavu kama kilo 3 au 4 tu. Mengine yote ni maji na nyama ya jani. Jani moja lina nyuzi kama 1,000, na kazi yake ni kulishika jani lisimame bila kuvunjika kwa upepo.

Uzi mmoja ukiuona kwa macho ni kitu kimoja, lakini sivyo. Ni tita la mirija midogo sana iliyogandamana, mfano wa tita la kuni lililofungwa. Kuta za mirija hiyo zimejengwa kwa kitu kinachoitwa selulosi, ambacho ni kama theluthi mbili za uzi wote. Selulosi ndiyo yenye nguvu. Kitu kingine, lignini, ni sehemu ya gundi inayoshika mirija pamoja.

2. KATANI NA PLASTIKI ZILIVYOKUTANA

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika. Kwao ni Meksiko. Mwaka wa 1893 Dr. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Baadaye mkonge ulienea pwani yetu na bara, na kwa miaka mingi katani ya Afrika Mashariki ilifunga mizigo na nyasi za mifugo duniani kote.

Mwaka wa 1954 huko Italia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza plastiki iitwayo polipropilini. Unaijua plastiki hii hata kama hujui jina lake: ndiyo iliyosukwa magunia meupe ya mbolea, na ndiyo ya kamba nyingi za rangi zinazouzwa dukani. Kamba hizo zilipoenea katika miaka ya 1960 na 1970, bei ya katani ilianguka na mashamba mengi makubwa yakafungwa.

Sasa angalia ajabu ya mambo. Plastiki hiyo hiyo iliyomfukuza mkonge sokoni leo yatiwa katani ndani yake ili ipate ukakamavu. Kuchanganya nyuzi za mimea na vitu vya namna ya plastiki si jambo jipya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walijaribu kutengeneza kiwiliwili cha ndege ya Spitfire kwa nyuzi za kitani na gundi ngumu ya fenoli. Huko Ujerumani ya Mashariki, tangu mwaka wa 1957 mpaka 1991, gari la Trabant lilikuwa na bodi ya mabaki ya pamba yaliyogandishwa kwa gundi ya namna hiyo. Na katika mwaka wa 2005 gari dogo la Mercedes-Benz lilikuwa na kifuniko cha chini cha mahali pa gurudumu la akiba kilichotiwa nyuzi za abaka, mmea wa jamaa ya mgomba.

3. JINSI NGUVU INAVYOPIMWA

Mtu akikuambia kitu kina nguvu, muulize: nguvu ya namna gani? Ziko namna nyingi, lakini sisi tutajifunza mbili.

Ya kwanza ni nguvu ya kuvutwa. Fikiri una fimbo nyembamba yenye unene wa milimita mraba moja tu. Unaitundika juu, kisha unaning'iniza mzigo chini yake mpaka ikatike. Kilo zilizoikata ndizo nguvu yake. Kwa kipimo hicho twapata hesabu hii:

Polipropilini tupu: kama kilo 3.
Nyuzi za makumbi ya nazi: kama kilo 13 mpaka 20.
Katani: kama kilo 40 mpaka 60.
Chuma cha kawaida: kama kilo 40.
Nyuzi za kioo: kilo 200 na zaidi.

Basi utaona kwamba uzi wa katani kweli huvuta sawasawa na chuma cha kawaida cha unene ule ule. Hapo ndipo yale maneno ya kupita kiasi yanapotoka. Lakini hesabu hiyo ni ya uzi peke yake, si ya bamba. Tutaona tofauti yake sasa hivi.

Namna ya pili ni ukakamavu, yaani kukataa kunepa. Hapa chuma kinashinda mbali: ni kikakamavu kuliko katani mara 10 au 20. Katani nayo ni kakamavu kuliko polipropilini mara 10 hivi. Ndiyo maana plastiki yenye katani hainepi upesi kama plastiki tupu.

Jambo jingine ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Katani ya ukubwa huo ni kama kilo moja na nusu, kioo ni kilo 2 na nusu, na chuma ni karibu kilo 8. Watengenezaji wa magari hupenda katani kwa sababu hiyo, maana gari jepesi hunywa mafuta kidogo.

4. TUFANYE HESABU

Chukua bamba ambalo katika kila mafungu 100 lina mafungu 30 ya katani na mafungu 70 ya plastiki. Tuseme katani yetu ni ya kilo 50 na plastiki ni ya kilo 3.

Katani: 30 × 50 ÷ 100 = kilo 15.
Plastiki: 70 × 3 ÷ 100 = kilo 2.1.
Jumla: kilo 17.1.

Hiyo ni kubwa kuliko plastiki tupu mara tano na zaidi. Lakini ni nguvu ya juu kabisa, nayo hupatikana tu kama nyuzi zote ni ndefu, zote zimelala upande mmoja, na zote zimeshikwa barabara. Bamba la kweli lenye nyuzi fupi zilizochanganywa ovyo likipimwa, mara nyingi hutoa kilo 3 mpaka 5 tu. Zile kilo nyingine zimekwenda wapi? Zimepotea kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kulala kwa nyuzi. Uzi husaidia ukivutwa kwa urefu wake. Ukivutwa kwa ubavu hausaidii. Katika mkeka wa nyuzi zilizotawanyika pande zote, kazi inayobaki ya nyuzi ni kama mafungu 3 katika kila 8. Zile kilo 15 zetu zimekuwa kilo 5.6.

Sababu ya pili ni urefu. Fikiri juu ya magugu. Gugu lenye mzizi mfupi ukilivuta hung'oka lote. Lenye mzizi mrefu hukatika, na mzizi hubaki udongoni. Uzi ndani ya plastiki ni vivyo hivyo. Ukiwa mfupi mno huchomoka kabla ya kutumia nguvu zake zote. Ukiwa mrefu wa kutosha hushikwa mpaka ukatike, na hapo ndipo nguvu zake zote hutumika. Kwa hiyo katani iliyokatikakatika kwa kuchambuliwa vibaya imekwisha kupunguziwa thamani.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kushikana. Katani hupenda maji. Plastiki huyakataa maji, kama mafuta yanavyoyakataa. Vitu viwili vya tabia mbalimbali namna hii havishikani kwa urahisi. Viwandani huosha nyuzi kwa magadi makali ili kuondoa ute na kuukwaruza uso wa uzi, tena hutia katika plastiki dawa inayotokana na kitu kiitwacho anhidridi ya maleiki, iwe mshenga kati ya hao wawili. Kazi hiyo usiijaribu nyumbani. Magadi hayo huunguza macho na ngozi, na yakizidi huila katani yenyewe.

5. JARIBIO LA NYUMBANI

Unaweza kuliona jambo hili kwa mshumaa. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, na watoto wakae mbali, kwa kuwa nta ya moto ikikutana na maji huruka.

Chukua nyuzi mbili za katani safi iliyokauka. Mmoja uache mkavu. Wa pili uchovye majini, kisha uufute ili usidondoke maji. Dondosha nta iliyoyeyuka katika vifuniko viwili vya chupa ya soda, na simamisha ncha ya uzi mmoja katika kila kifuniko. Ngoja nta igande kabisa. Sasa vuta pole pole.

Mara nyingi uzi uliolowa utatoka upesi kuliko mkavu. Ukiitazama nta yake huenda ukaona vitundu vidogo kando ya uzi. Hayo ndiyo yanayotokea kiwandani. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la digrii 165 hivi. Maji huchemka kwa digrii 100 tu. Basi maji yaliyofichwa ndani ya katani hugeuka mvuke, na mvuke huacha matundu ndani ya bamba. Na mahali penye tundu hapana kushikana.

Joto nalo lina mpaka wake. Likipita digrii 200 katani huanza kuungua, hubadilika rangi na kuwa dhaifu. Ndiyo sababu katani haitiwi katika plastiki zinazotaka joto kali zaidi.

6. MAJI NI ADUI HATA BAADAYE

Bamba likisha kutengenezwa, vita na maji havijaisha. Mahali lilipokatwa, ncha za nyuzi huwa wazi, nazo hunywa maji kama utambi unavyonywa mafuta ya taa. Uzi ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Kuvimba na kusinyaa mara nyingi huachanisha uzi na plastiki, na nguvu hupungua. Kwa sababu hiyo mabamba haya yanafaa zaidi mahali pakavu, kama ndani ya gari na ndani ya nyumba. Mahali pa mvua na udongo mbichi hapana budi yatengenezwe kwa uangalifu mkubwa na ncha zake zifunikwe.

7. KAZI YAKO SHAMBANI

Sasa tumefika kwenye sehemu yako, mkulima. Kiwanda hakiwezi kurudisha nguvu iliyopotea shambani. Fuata mambo haya:

(a) Kata majani yaliyokomaa tu, yale ya chini. Usiuache mmea uchi. Bakiza majani kama 20 juu.

(b) Chambua upesi, kabla siku mbili hazijapita. Jani likikauka, ute wake hugandamana na nyuzi na hautoki vizuri.

(c) Kama unatumia mashine, asikae mtu mwenye nguo za kupeperuka wala mtoto karibu nayo. Mashine ya kuchambua mkonge haichagui kati ya jani na mkono. Kumbuka tena kwamba utomvu wa mkonge huwasha ngozi.

(d) Osha katani kwa maji safi mara moja, mpaka ute wa kijani utoke. Lakini usioshee mtoni wala usiloweke majani mtoni. Maji ya mkonge ni makali, huua samaki na kuharibu maji ya kunywa ya wenzako walio chini. Wala usiloweke majani siku nyingi mpaka yaoze kupita kiasi, maana uozo ukisha kula nyama ya jani huanza kula uzi.

(e) Anika juu ya kamba au waya, si chini. Mchanga ulioshikwa na katani hukwaruza mashine na kuzuia kushikana.

(f) Panga kwa urefu. Ndefu na ndefu, fupi na fupi. Usifunge tita kwa kamba ya plastiki iliyochakaa, maana vipande vyake huchanganyika na katani.

(g) Weka ghalani juu ya chanja, mbali na ukuta wenye unyevu. Katani ikilala mbichi hupata ukungu, na uzi wenye ukungu hukatika.

Wako watu wachache wanaonyunyizia maji tita la katani ili lizidi uzito kwenye mizani. Sasa umejua matokeo yake. Maji yaliyouzwa kama katani hugeuka mvuke ndani ya bamba, bamba huvunjika, na mnunuzi haji tena. Hapo hasara si ya mtu mmoja, ni ya skimu nzima, kwa kuwa matita ya wote huchukuliwa katika lori moja.

8. KABLA YA KUPANDA, NA KABLA YA KUNUNUA

Mtu akikuambia ng'oa mahindi upande mkonge, usifanye haraka. Mkonge huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na watoto hawawezi kungoja chakula miaka mitatu. Kwanza ujue ni nani atakayenunua, kwa bei gani, na anataka katani ya urefu gani. Maneno hayo yawe katika karatasi. Mkonge wa mpakani ulio nao tayari ndio mahali pazuri pa kuanzia.

Ukiletewa bamba au nguzo ya plastiki yenye katani uinunue, ijaribu. Omba vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja kiweke mahali pakavu, kingine kizamishe majini siku saba. Vipime uzito kabla na baadaye. Kisha kila kimoja kilaze juu ya matofali mawili, ning'iniza debe katikati, na ongeza maji lita kwa lita. Kila lita ni kilo moja. Andika kinanepa kiasi gani kwa kila kilo 5, na kilivunjika kwa kilo ngapi. Weka miguu yako mbali. Fanya hivyo pia kwa kipande cha ubao wa mti cha ukubwa ule ule, upate kulinganisha.

Kama kipande kilicholowa kimenepa sana kuliko kikavu, ujue nyuzi hazikushikwa vizuri. Kisha tazama mahali kilipovunjika. Ukiona nyuzi ndefu tupu zimechomoka kama mizizi ya gugu, safi bila plastiki juu yake, hiyo nayo ni alama ya kushikana kubaya. Ukiona nyuzi nyingi zimekatika karibu na ufa, kazi ilifanywa vizuri.

Jambo la mwisho: usijaribu kuyeyusha plastiki jikoni kwako ili uchanganye na katani. Moshi wa plastiki ni sumu, hasa kwa mama na watoto walio karibu na jiko. Kazi ya kuyeyusha ni ya kiwanda. Kazi yako ni katani ndefu, safi na kavu, na hiyo kiwanda hakiwezi kuitengeneza bila wewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomeeni wenzenu wasiojua kusoma, kisha mjibu pamoja katika mkutano wa chama chenu.

1. Uzi wa katani huvuta sawa na chuma cha kawaida. Kwa nini basi bamba la katani na plastiki haliwi na nguvu kama chuma?
2. Bamba lina mafungu 20 ya katani na mafungu 80 ya plastiki. Kwa hesabu tuliyoifanya, nguvu yake ya juu kabisa ni kilo ngapi? (Jibu: kilo 10 na kilo 2.4, jumla kilo 12.4.)
3. Taja sababu tatu zinazopunguza nguvu hiyo.
4. Mnunuzi akikataa katani mbichi, anaogopa nini?
5. Taja mambo mawili utakayoyabadilisha katika kazi yako ya mkonge kuanzia wiki hii.

Asiyeelewa mahali fulani amwulize afisa wa kilimo wa wadi yake, naye achukue tita dogo la katani yake mkononi ili mafunzo yawe ya kuonekana.